Maji ya Mudende na ile nusu saa

Kiangazi kilichopita tulipanda Mudende kwa miguu, vijana kumi na wanne. Si kwa utalii. Wengi wetu tunatoka familia za Masisi, na Mudende ndipo wazazi wetu walipokaa kambini mwaka 1996 na 1997. Wengine wetu tumelisikia hilo jina tangu utotoni bila kujua hata mahali penyewe panafananaje. Basi tukaomba ruhusa, tukabeba mikate, na kila mtu chupa yake ya lita moja na nusu. Na kwa kuwa sisi ndio tunaofundisha usafi kambini, mmoja wetu akatia mfukoni vidonge vya kusafisha maji. Tukajiona tuko tayari.

Saa sita mchana chupa zilikuwa zimekwisha. Tukaanza kutafuta mto. Hakuna mto. Mlima Karisimbi uko pale mbele yako, umefunikwa na mawingu, mvua ya huko ni nyingi, lakini chini husikii hata mchirizi wa maji. Mama mmoja aliyekuwa analima viazi alituona tukihangaika, akasema: "Wanangu, hapa maji yanatoka juu, hayatoki chini." Ndivyo ilivyo. Ardhi ya volkano imejaa matundu na nyufa, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja. Watu wanakinga maji ya mabati na kuyaweka kwenye matanki, na kiangazi matanki hukauka. Yule mama alitupa jagi moja kwa watu kumi na wanne. Tuliona aibu hata kulipokea.

Tukakuta kidimbwi, ng'ombe wamekunywa hapo. Tukasema si tuna dawa? Tukajaza chupa moja, tukatupia kidonge. Kumbe kidonge kile ni cha lita 20, yaani bidoni nzima ya njano, na ya maji yaliyo meupe siyo ya matope! Chupa ikanuka kama sakafu ya hospitali iliyotoka kudekiwa. Hakuna aliyeweza kunywa. Tukajaribu kuvunja kidonge kwa meno, tukabishana vipande, na hapo hapo mwenzetu mmoja akachoka na maneno yetu, akainama akanywa kidimbwini hivyo hivyo. Siku tatu alizofuata alizipitisha kati ya kitanda na choo, akinywa ORS. Alipona. Tulicheka baadaye, lakini usiku wa kwanza hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana tunaandika. Tumefundisha watu mwaka mzima kwa mabango, na siku yetu wenyewe tukashindwa na chupa moja.

Tuliporudi tuliwauliza wazazi: nyinyi mlikunywa nini pale? Wakasimulia kuhusu shitingi zilizotandazwa ili kukinga mvua, kuhusu foleni, kuhusu kuficha bidoni usiku isiibwe. Halafu wakanyamaza, maana ukiitaja Mudende huwezi kubaki kwenye maji tu. Kambi ilishambuliwa Agosti 1997, ikashambuliwa tena Desemba mwaka huo huo, na mamia ya watu wetu wakauawa. Waliobaki walipelekwa Byumba, kambi ya Gihembe, ambako baadhi yetu tulizaliwa. Nayo Gihembe ilifungwa mwaka 2021, watu wakahamishiwa Mahama.

Sasa tunakuja kwenye jambo gumu, na tunawaomba wazee watuvumilie. Huwezi kueleza maji ya kambini bila kueleza Goma ya 1994. Kutoka Mudende hadi Goma si mbali, jiwe ni lile lile la volkano. Julai mwaka ule, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kwa siku chache. Kati yao walikuwemo wauaji, na ni kutoka upande ule walikotokea baadaye walioshambulia Mudende. Mzee mmoja alituuliza, "Mnawaandikia hao?" Tulibishana sana kwenye kikundi. Tuliamua kuandika kwa sababu waliokufa pale walikuwa pia watoto wadogo wasiojua kitu, na kwa sababu mengi anayojua mfanyakazi wa maji leo yalitoka pale.

Kolera, yaani kipindupindu, ilithibitishwa tarehe 20 Julai. Wiki ya kwanza maji safi yaliyopatikana yalikuwa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Chukua glasi ya chai uitazame: ndiyo hiyo, ya kunywa, kupika, kuosha mtoto anayehara. Waliobaki walichota ziwani Kivu. Kambi ya Kibumba ilikuwa mbali na ziwa, karibu kilomita 25, hakuna kisima, jiwe halichimbiki hata kwa choo, maiti zililazwa kando ya barabara. Maji yalipelekwa kwa magari ya tanki. Mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Kolera ilipopungua, kuhara damu kukafuata.

Mtu atasema, si wangechemsha? Wachemshe na nini? Inakadiriwa kuwa lita moja ya maji inahitaji kama kilo moja ya kuni. Miti ya hifadhi ya Virunga ilikatwa kwa kupikia tu, bado maji ya kunywa. Ndipo klorini inapoingia.

Na klorini ina historia ya ajabu kidogo. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia katika maji ya mji mzima mwaka 1908. Wanajeshi wakaichukua: daktari wa jeshi la Marekani, Lyster, alitengeneza mfuko wa kitambaa unaoning'inizwa, unatiwa maji na unga wa klorini, askari wanasubiri, wanakunywa kwa vibomba vya chini. Vikaja vidonge vya mfukoni, vya klorini na vya ayodini. Vita vilipokwisha, wapanda milima wakaona vinawafaa. Kwa hiyo mtalii anayepanda Karisimbi leo na mama wa kambini wanatumia dawa ya ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba kidonge cha mtalii ni cha lita moja na maelezo anayo mkononi. Sisi tulibeba cha mama tukakitumia kama watalii.

Baada ya Goma mashirika yalijilaumu, na mwaka 1997 yakaanza mradi wa Sphere. Ile hesabu ya lita 15 kwa mtu kwa siku, ambayo wafanyakazi wanaotusoma wanaijua kwa kichwa, inatoka huko. Lakini sisi tunaona somo kubwa zaidi lilitoka Malawi, kambi ya Nyamithambo ya wakimbizi wa Msumbiji, mwaka 1993. Maji yalitoka kisimani yakiwa safi, yakachafuka nyumbani. Mikono ilizama ndani ya ndoo. Watafiti wakawapa baadhi ya familia ndoo yenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, mkono usiingie. Kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano kukapungua kwa asilimia 31. Ndoo tu! Sasa piteni mlango kwa mlango kambini mhesabu vikombe vinavyochovya.

Jambo lingine ni ile nusu saa. Kidonge kikiyeyuka watu hudhani kazi imeisha. Hapana, klorini inahitaji dakika 30 ili iue vijidudu, na maji ya matope lazima yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo matope yanaila dawa. Tumeshuhudia mtu akitia kidonge mkono wa kushoto na kikombe kikiwa mkono wa kulia. Na kuna vijidudu vingine, kama kriptosporidiamu, ambavyo klorini haiviwezi vizuri, hivyo vinataka moto.

Kuhusu moto: wazee wanasema Mudende maharagwe hukawia kuiva, na ni kweli, kwa sababu kwenye miinuko ile maji huchemka kwenye kama digrii 92, siyo 100. Wengine wakahitimisha kwamba kuchemsha huko hakufai. Kunafaa. Yakianza kububujika, yaache dakika tatu badala ya moja.

Tumeomba ruhusa ya kupanda tena. Safari hii tunabeba bidoni mbili za lita 20 kwa zamu, zimejazwa na kutiwa dawa hukuhuku kabla ya kuondoka, na moja tutamwachia yule mama wa viazi. Saa ya kuhesabu dakika 30 tumempa yule aliyekunywa kidimbwini. Amekubali, ila kwa kununa.