Tandiko la viraka: kwa nini ua linapotea ukisimama mlangoni

Chini ya meza ya fundi cherehani, iwe Rukuba au Bunda mjini, mabaki ya vitenge na kanga hayakosekani. Yakiunganishwa hutoa tandiko la kitanda, ambalo wengine huliita mfarishi, na anayelinunua analipia mpangilio: nyota, almasi au mistari. Lakini kazi ya wiki tatu inaweza kutandikwa na nyota isionekane. Kila kipande kizuri, ila ukiwa mlangoni unaona mchanganyiko tu, na mteja anashusha bei.

Mara nyingi tatizo ni ukolevu wa rangi. Nyekundu na kijani ni rangi tofauti kabisa, lakini zikikolea sawasawa, jicho likiwa mbali huziona kama kitu kimoja. Umbo huchorwa pale kipande kilichokolea kinapokutana na kipande chepesi. Chumbani kwenye dirisha dogo jambo hili huwa kubwa zaidi. Mwanga ukipungua, sehemu ya jicho inayotambua rangi huchoka, inabaki ile inayotenganisha mwanga na giza tu. Nyekundu ndiyo huwahi kuonekana nyeusi. Tazama kamba ya nguo magharibi ikiingia: kanga nyekundu imeshakuwa kama mkaa, ya bluu bado unaiona.

Wala hili si geni kwetu. Kanga inasemekana ilipata jina kutokana na ndege kanga, kwa kuwa nguo za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kwenye rangi iliyokolea kama manyoya yake. Na kabla ya kuja kuchapwa nzima, wanawake wa pwani katika karne ya 19 walishona leso sita pamoja, safu mbili za tatu tatu, wapate nguo moja. Kwa hiyo kuunganisha vipande tumeanza zamani.

Kabla ya kushona, tandaza vipande vyote sakafuni, rudi nyuma hatua tano, kisha finya macho mpaka rangi zififie. Vitakavyozama weka kulia, vitakavyong'aa weka kushoto. Kama simu yako ina kamera, piga picha na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa: njano na waridi ulizodhani zinapingana zitakuwa kijivu kilekile. Vya katikati usivitupe. Kipande cha katikati kikiwa kando ya cheusi huonekana chepesi, na kando ya cheupe huonekana kimekolea, hivyo kinafaa kote.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni ule wa Marekani uitwao Log Cabin, yaani nyumba ya magogo, uliopendwa sana huko tangu miaka ya 1860. Unaanza na mraba mdogo katikati, mara nyingi mwekundu, unauzungushia vipande vyembamba: pande mbili zinazokutana ziwe nyepesi, mbili nyingine zikolee. Kila mraba unagawanyika kwa mshazari, nusu mwanga, nusu giza. Shona miraba mingi ya hivyo, kisha cheza nayo sakafuni. Minne ikielekeza nusu nyepesi katikati, unapata almasi ya mwanga. Mishazari yote ikilala upande mmoja, giza likigusa giza na mwanga ukigusa mwanga, unapata mistari mirefu kama matuta ya mihogo. Vipande ni vilevile, ila tandiko ni jingine. Kwa maoni yangu anayeanza asihangaike na nyota kabla ya hili.

Kitenge cha maua makubwa kina ujanja wake. Ua moja lina cheupe na cheusi ndani yake, ukilikata vipande vidogo kila kimoja kinasema lake na umbo linavunjika. Kitumie pembeni au kwenye vipande vipana. Ukikosa vyepesi, geuza kitambaa: vitenge vingi vya bei nafuu vimefifia upande wa nyuma.

Vyeusi na vyekundu vipime kwanza kama vinachuja. Lowesha kona, ikandamize kwa kitambaa cheupe. Kikishika rangi, fua kipande hicho peke yake mpaka maji yatoke safi, la sivyo siku ya kwanza ya kufua tandiko vyeupe vyote vitakuwa waridi na tofauti uliyoitafuta itakwenda na maji.