"Kuna Mama Mmoja"

Shosh huanza stori za ukoloni hivi: "Kuna mama mmoja…" Ilinichukua miaka kushtuka kwamba huyo mama ni yeye.

Skia, huo si uoga. Mwaka 1985 Muthoni Likimani alichapisha Passbook Number F.47927, kuhusu wanawake wakati wa Hali ya Hatari. Hizo siku aliziishi mwenyewe, lakini aliandika hadithi: wahusika wa kubuni, mateso ya kweli.

Kuanzia 1954, Waingereza walihamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja hadi vijiji vya kulindwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, so wanawake ndio walichimba mahandaki, bila malipo, wakisimamiwa na homgadi. Uhuru ulipokuja, homgadi alibaki jirani. Sasa ungesema "mimi" aje, na aliyekupiga mnateka maji pamoja?

Shuleni tulikariri majenerali wa msituni. Waliochimba hawakutajwa.

Hapa Mukuru kwa Njenga, nyumba zilibomolewa 2021, akina mama wakalala nje na watoto. Mathe, hiyo pia ni historia. Kama "mimi" inakukwama kooni, anza tu na "kuna mama mmoja". Tutajua ni nani.