Kufuma sweta wakati kidole kinauma

Mwezi wa Juni ukiingia, baridi ya Njombe, Makete na milima ya Lushoto haina mzaha, na ndipo oda za sweta zinapoongezeka. Ndipo pia tunapoulizwa swali hili na wafumaji wa mkono: kidole kinauma, malipo ya awali nimeshapokea na nimeshanunua uzi, nifanyeje? Kumwambia mtu apumzike wiki tatu ni ushauri mzuri kwa asiyedaiwa. Kwa anayedaiwa, tunaeleza hapa mambo anayoweza kubadili katika ufumaji wenyewe ili kidole kipumue huku kazi ikiendelea, na pia wakati ambao kazi lazima isimame.

Kwanza jua kinachouma ni nini. Ncha ya kidole cha shahada huchubuka kwa sababu wengi wetu tunaisukuma ncha ya sindano kwa kidole hicho kila kitanzi kinapotoka. Sweta moja ina maelfu ya vitanzi, kwa hiyo ni maelfu ya misukumo mahali pale pale. Shina la kidole gumba huuma kwa kubana sindano kwa nguvu. Kidole cha mwisho huumia pale uzi unapozungushwa juu yake mara mbili au tatu ili usilegee. Maumivu haya matatu yana dawa tofauti, ndiyo maana mtu anabadilisha sindano na bado anaumwa.

Tuanze na sindano, maana hapo ndipo wengi wanajiumiza bila kujua. Wapo wanaofumia spoku za baiskeli. Hazina gharama, lakini spoku ni nyembamba, kama milimita 2 tu, na kitu chembamba hukufanya ukunje vidole na kukibana zaidi. Ni baridi pia, na asubuhi ya Julai chuma hukaza vidole vyenye maumivu. Ukiweza, tumia sindano nene ya mti au mwanzi. Mwanzi mkavu uliopasuliwa, ukachongwa, ukapigwa msasa laini na kusuguliwa kwa mshumaa, unatoa sindano nyepesi ambayo vitanzi haviteleziki ovyo, na kitanzi kisichoteleza hakihitaji kubanwa. Ncha iwe butu kidogo. Ncha kali huingia haraka, sawa, lakini ndiyo inayotoboa kidole. Kama huna ila za chuma, zungushia sehemu unayoshika kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli au kitambaa.

Kama ncha ya kidole imeshachubuka, acha kuisukuma sindano. Sogeza vitanzi kwa kidole gumba na cha kati vikishika ubavu wa sindano, na fumia karibu na ncha ili kitanzi kisilazimike kusafiri mbali. Kastabini ya fundi cherehani inasaidia, ingawa ile ya chuma huteleza juu ya sindano ya chuma. Kipande cha ngozi laini kilichoshonwa kama kofia ya kidole ni bora zaidi.

Uzito nao una lawama. Mgongo wa sweta ya mtu mzima ukikaribia mabega unakuwa mzito, na unaning'inia kwenye mikono yako miwili. Weka mto au kanga iliyokunjwa mapajani, kazi ilale hapo. Sindano za mzunguko, zile mbili zilizounganishwa kwa waya laini, hufanya hivyo zenyewe kwa sababu uzito hubaki kwenye waya. Mwenye sindano ndefu anaweza kubana mwisho wa ile ya kulia kwapani, mkono ukabaki na kazi ya kupitisha uzi tu. Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wana mkanda wa ngozi uliojazwa manyoya ya farasi na wenye matundu. Sindano huchomekwa tunduni, nao waliweza kufuma hata wakitembea na mzigo mgongoni.

Sasa uzi. Kama unaurusha kwa mkono wa kulia na mkono huo ndio unaouma, jaribu kuushika kwa kushoto na kuuvuta kwa ncha ya sindano, kama wanavyofanya wafumaji wengi wa Ujerumani. Mkono wa kulia unapunguza safari. Lakini njia tunayoipenda zaidi kwa mwenye vidole vibovu ni ya Wareno, ambayo pia hutumika Peru na Bolivia. Uzi unapitishwa nyuma ya shingo, unashuka mbele ya kazi, na kidole gumba cha kushoto kinausukuma kidogo tu juu ya sindano. Shingo ndiyo inayokaza uzi, vidole havifungwi na chochote. Kwa njia hii kitanzi cha kinyume, kile chenye kinundu mbele, ndicho chepesi kuliko vyote. Ukifuma safu zote kwa kitanzi hicho unapata kitambaa cha mistari kinachofaa skafu au shali. Usiianze njia mpya katikati ya sweta ya mteja: mkazo wa uzi utabadilika na kipande cha mbele hakitalingana na cha nyuma. Fuma kwanza kipande cha vitanzi 20, upime.

Pumzika kila baada ya dakika 20 au 30, nyoosha vidole, loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuanza. Usiku huo wa kidole kibaya, shona vipande au kunja uzi badala ya kufuma.

Kidonda kibichi hakifumi. Kidole kilichovimba, chekundu na kinachopwita, yaani mdudu wa kidole, kipelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Usikitoboe kwa sindano nyumbani. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na kidole kinachokwama kikikunjwa kisha kufyatuka nacho kina matibabu. Vidonge vya diklofenaki vinavyouzwa dukani huficha maumivu ili uendelee kujiumiza, na vikitumika ovyo hudhuru tumbo na figo. Mjamzito asivimeze bila kuandikiwa.

Ukienda zahanati, nenda na sindano zako na kazi uliyoianza. Fuma safu moja mbele ya mhudumu, aone kidole kinapobana.