Mzingo na Obitali: Historia ya Istilahi Mbili za Atomu

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomu katika njia maalumu, mithili ya sayari zizungukazo jua. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alileta mlinganyo usiobakiza njia yoyote, ila uwezekano tu wa elektroni kupatikana mahali fulani. Ndipo mwaka 1932 Robert Mulliken, Mmarekani, alipounda jina la obitali kutokana na lile la kale la obiti. Mapinduzi mazima ya fizikia yamebebwa na kiambishi kimoja.

Katika Kiswahili, kazi ya istilahi ilipata nguvu baada ya kuanzishwa kwa TUKI mwaka 1964 na BAKITA mwaka 1967. Mojawapo ya matunda yake ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Mvuto wa kutumia neno la asili ni mkubwa, na mara nyingi ni wa haki. Lakini mzingo, kwa asili yake, una mzunguko ndani yake. Wamfaa Bohr, kwa Schrödinger wapotosha. Ganda nalo (msomaji hufikiria yai) ladokeza ukuta mgumu ambao atomu haina. Tabaka lina nafuu, kwani lataja ngazi bila kuahidi ukuta.

Tofauti hizi si za mapambo. Tabaka la tatu laweza kubeba elektroni 18, ilhali potasiamu, yenye elektroni 19, hupangwa 2, 8, 8, 1. Sababu ni kwamba tabaka limegawanyika katika obitali za aina mbalimbali, kila moja ikibeba elektroni mbili tu, na obitali s ya tabaka la nne hujazwa kabla ya obitali d za tabaka la tatu. Mwenye neno moja kwa dhana zote mbili hawezi kuieleza sentensi hiyo.

Huko Kanja, sehemu za Embu, mwanafunzi huzungumza Kiembu nyumbani na Kiswahili sokoni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani, lakini kemia ilibaki katika Kiingereza. Hivyo aweza kuitaja 2, 8, 8, 1 bila kosa, na akiulizwa sababu na nduguye mdogo, akakosa lugha ya kumjibia.