Sinema za Vita na Sauti ya Mkalimani

Mwaka 1937 Mmarekani Eugene Castle alianza kuuza filamu fupi za kutazamwa nyumbani, mojawapo ikiwa ya kuungua kwa chombo cha angani Hindenburg. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, kampuni yake, Castle Films, iliuza habari za mapigano katika mikanda ya milimita 8 na 16. Mnunuzi aliuhifadhi mkanda kabatini, akautazama apendapo.

Afrika Mashariki haikuwa hivyo. Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa London mwaka 1939, ilitengeneza habari za vita kwa ajili ya Waafrika, zikaonyeshwa usiku kwa magari ya sinema. Jamaa za askari wa King's African Rifles, waliopigana Burma mwaka 1944, waliona vita kwa kadiri serikali ilivyoruhusu. Onyesho likiisha, gari liliondoka na mkanda wake.

Mali pekee ya wenyeji ilikuwa sauti ya mkalimani aliyezieleza picha kwa lugha yao, lugha ambayo aghalabu wakubwa wa London hawakuifahamu. Kazi inayofanana na hiyo ingalipo katika vibanda vya video vya Uganda, Tororo na Busia zikiwamo, ambako mfasiri aitwaye VJ husimulia filamu za kigeni, hasa kwa Kiganda.