Je, Boazi Alikuwa Jater?

Mvua ya chwiri imeshaanza, na najua wengine wenu wa Uriri, Rangwe na Ndhiwa mnasoma huu ujumbe mkiwa shambani, jembe mkono mmoja na simu mkono mwingine. Leo nimeandika kirefu. Ukichoka, pumzika, halafu urudi.

Juzi nilikuwa kwenye matanga. Baada ya mahubiri mzee mmoja, jaduong' ninayemheshimu, alisimama na fimbo yake akaniuliza mbele ya watu wote: "Pastor, nyinyi watu wa wokovu mnakataza tero. Sasa niambie, Boazi alikuwa nani kama si jater?" Watu walicheka, hata wanakwaya wangu. Nilimjibu kwa haraka, nikataja giza na nuru, tukaendelea na chakula. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu nilijua sijamjibu. Mzee alikuwa ameisoma Biblia. Mimi nilimjibu kwa mazoea.

Kwa hiyo nimerudi nyuma kutafuta. Wale mliozaliwa juzi, na wale wetu walioolewa huku kutoka kwingine, niwaeleze kwanza. Katika mila yetu ya Kijaluo, mume akifa ndoa haifi. Mwanamke anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Bado ni mke wa marehemu. Mwanamume anayeingia katika nyumba yake, jater, hamuoi. Halipi mahari, hamhamishi, na watoto watakaozaliwa wataitwa kwa jina la aliyelala kaburini. Zamani jater alitoka kwa ndugu za marehemu au katika ukoo wake, mtu anayejulikana, na wazee walimpima. Kazi yake ilikuwa boma lisianguke, watoto wasitawanyike, jina lisizimike. Tusiwadharau babu zetu. Walikuwa wanatafuta jibu la swali gumu: mwanamke amebaki na watoto watano na shamba, nani atasimama naye?

Na hapa mzee ana haki. Fungua Kumbukumbu la Torati 25, kuanzia mstari wa 5. Ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila mtoto, mjane asiolewe nje. Ndugu wa mumewe aingie kwake, na mzaliwa wa kwanza achukue jina la marehemu ili lisifutwe katika Israeli. Jina la marehemu! Ukisoma hayo kwa sauti kule Muhuru Bay au Mbita, mtu atadhani unasimulia mambo ya nyumbani kwao. Nenda Mwanzo 38 umwone Tamari, jinsi Onani alivyotaka starehe ya tero bila wajibu wake, na jinsi Yuda alivyomficha Shela. Hata Masadukayo walipotaka kumnasa Bwana Yesu katika Mathayo 22, walimletea habari ya mwanamke aliyerithiwa na ndugu saba. Kwa hiyo yule mhubiri anayesema jambo hili halimo kabisa katika Biblia, mwambie asome tena.

Lakini soma polepole. Katika Kumbukumbu, ndugu akikataa, anayekwenda mlangoni pa mji kushtaki ni mjane. Sheria ile ilimpa mdomo mbele ya wazee, hata kumvua kiatu yule mwanamume na kumtemea mate. Nimehudhuria vikao vingi vya familia huku kwetu, na bado sijaona mjane akipewa nafasi hiyo. Mara nyingi yuko jikoni anapika chai ya wanaojadili maisha yake.

Halafu njoo kwa Ruthu. Alifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri. Ni mjane, ni mgeni, ni Mmoabi. Sura ya 2 inasema alikwenda shambani kuokota masazo, akafanya kazi tangu asubuhi, jioni akapepeta akamletea mkwewe chakula. Wapendwa, hebu tulia hapo. Ruthu aliingia shambani KABLA ya Boazi kumchukua. Hakuna aliyemwambia shamba limefungwa, kwamba hawezi kugusa mbegu wala kuvuna mpaka mwanamume alale naye. Boazi aliwaagiza vijana wake wasimguse. Akamwacha ale, anywe maji, apate nafaka, bila kudai kitu. Suala la ndoa lilikuja baadaye, na aliyekwenda kulianzisha ni Ruthu mwenyewe kwa ushauri wa Naomi. Boazi naye hakumaliza mambo usiku ule gizani. Alikwenda mlangoni pa mji asubuhi, akaketisha wazee kumi, akampa nafasi yule ndugu wa karibu zaidi, na yule alipokataa ndipo Boazi akatangaza mbele ya mashahidi kwamba anachukua shamba la Elimeleki na anamchukua Ruthu awe mke wake. Mke wake, si chi liel.

Sasa weka hilo kando ya yale yanayotendeka kwetu msimu huu wa kupanda. Mnajua golo kodhi, ile desturi ya nani aanze kuweka mbegu ardhini. Mjane ambaye "hajasafishwa" anaambiwa akipanda ataleta chira kwa boma zima. Wengine wanangoja mpaka wiki ile ile mvua inanyesha, kisha wanamletea sharti. Njaa inageuzwa kuwa fimbo. Boazi wa Bethlehemu hakumfanyia Ruthu hivyo.

Jinsi tulivyotoka kwa jater wa zamani mpaka hapa ni historia, na sehemu yake ni historia yetu sisi kanisa. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Malawi. Wakatoliki na wengine wakaja pia. Wamisionari wengi waliikataa tero, na sababu moja ni rahisi kuiona: jater kwa kawaida tayari ni mume wa mtu. Kwao ilikuwa ndoa ya wake wengi iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Sina ugomvi na msimamo huo. Lakini mila ile ilikuwa imebeba mzigo, na aliyesema "tua mzigo" hakusema nani ataubeba.

Kidogo nitoke nje ya njia. Sisi Wapentekoste tunapenda kumtaja Otto Keller wa Nyang'ori, kwa sababu kazi yake na Wakanada ilizaa makanisa mengi ya magharibi mwa Kenya. Hatumtaji sana Marian, mkewe. Marian alifika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1913 akiwa na mume wa kwanza, na muda mfupi baadaye mume huyo akafa. Alibaki hukuhuku akiendelea na kazi ya Mungu, na miaka kadhaa baadaye ndipo akaolewa na Keller. Injili ya Roho Mtakatifu ilikuja kwetu ikiwa imebebwa pia na mjane. Mama zetu wajane, lishikeni hilo.

Turudi. Katika miaka ya 1970 mtafiti Betty Potash aliishi na Wajaluo wa Nyanza Kusini, siku zile Homa Bay na Migori zikiwa bado wilaya moja, na mwaka 1986 alichapisha sura aliyoiita kwa jina hilo la mila, wake wa kaburi. Alichoona ni kwamba wajane wengi walikuwa wanajilimia na kujilisha wenyewe, na warithi wao hawakuwasaidia sana. Yaani tayari wajibu ulikuwa umepungua na kilichobaki hasa ni ile haki ya kuingia nyumbani. Onani amerudi. Na ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2003 ilieleza habari za wanaume wanaolipwa, hata walevi na watu waliotengwa na jamii, ili "wamsafishe" mjane mara moja na kuondoka. Mtu wa kukodi! Babu zetu wangemfukuza na mbwa.

Na katikati ya hayo ukaja ugonjwa. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984. Mnaokumbuka miaka ya 1990 mnajua tulivyokuwa tukizika Ijumaa na Jumamosi, na mafundi wa majeneza walivyojaa barabarani. Wengi walisema ni chira. Mwanamume akifa amekonda, walisema kuna kwer iliyovunjwa, na tiba ya kwer ni kumrithisha mjane haraka. Kwa njia hiyo virusi vilitembea kutoka boma hadi boma, vikisindikizwa na wazee. Na sisi wa kilokole tulisema ni mapepo, tukakemea. Wachache sana walisema neno "kipimo".

Dawa zilipoanza kutolewa katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, kupitia Madaktari Wasio na Mipaka, watu walitoka mbali. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa Ndhiwa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 59 wana virusi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliweka Homa Bay kwa asilimia 19.6 na Migori kwa asilimia 13, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Mpendwa, kama uko kwenye dawa, meza dawa zako na uje maombi. Mungu anayeponya ndiye aliyemwambia Isaya aweke mkate wa tini juu ya jipu la Hezekia (2 Wafalme 20:7). Hilo nitalifundisha siku nyingine.

Sheria nayo imesema. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 inamtambua mjane katika mali ya mumewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mila zinazohusu ardhi. Na sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja kwa jina kumrithi mjane kwa nguvu na kumsafisha mjane, na kuyaita ukatili. Kwa hiyo mama, tafuta cheti cha kifo, tafuta barua ya chifu, fungua kesi ya urithi mahakamani mapema, kabla shamba halijauzwa ukiwa bado umevaa nguo za matanga. Si kukosa imani. Mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wana haki (Hesabu 27).

Kuhusu kuolewa tena, Paulo yuko wazi katika 1 Wakorintho 7:39. Mume akifa, mwanamke yuko huru kuolewa na amtakaye, ila iwe katika Bwana. Paulo anamfungua na kaburi. Kama ndugu wa marehemu hana mke, ameokoka, na mama amempenda kwa hiari yake, leteni hilo jambo kanisani tutangaze ndoa. Ndiyo njia ya Boazi. Na kama mama hataki kuolewa kabisa, hiyo pia ni haki yake.

Sasa nije kwa lililoninyima usingizi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana, mama mmoja mjane wa kanisa nililokuwa nikilichunga alikubali jater. Tulimtenga. Nilisoma jina lake mimi mwenyewe mbele ya kanisa, akakaa kiti cha nyuma, hakushiriki meza ya Bwana kwa miezi. Siku nilipokwenda kumtembelea nyumba yake ilikuwa inavuja. Hakunifokea. Aliniambia, "Pastor, kanisa liliniambia nikatae, nikakataa mwaka mzima. Katika huo mwaka hakuna aliyekuja kunilimia. Shemeji alikuja na ng'ombe."

Sikuwa na jibu. Nilitoa maombi, nikaondoka. Nilisoma 1 Timotheo 5 mara nyingi kabla ya siku ile, na sikuwahi kuona kwamba Paulo anaongea habari ya orodha, jamaa na chakula. Mitume katika Matendo 6 walisimamisha mkutano mzima kwa sababu wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Sisi tulisimamisha ibada ili kumtenga mjane. Mama huyo alikwisha lala katika Bwana. Nilimwomba msamaha kabla, na alinisamehe, lakini kanisa lote halikusikia nikiomba, kama lilivyosikia nikimtenga. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Jaduong', ukisoma hili au mjukuu wako akikusomea: hapana, Boazi hakuwa jater wa siku hizi. Labda alifanana na wale wa babu yako. Nitakuja nyumbani kwako tuzungumze zaidi, na safari hii sitajibu haraka.

Na kwa kanisa. Yuko dada yetu mmoja, hamhitaji jina, ambaye ameambiwa asiweke mbegu mpaka akubali sharti. Amekataa. Mvua haimngoji. Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane kanisani, twende pamoja, akina baba mbele. Mzee wa kanisa amezungumza na chifu na anajua tunakuja. Mbegu za mahindi na maharagwe zimepatikana. Jembe njoo nalo. Ng'ombe wa kulima tuna jozi moja tu, aliye na nyingine anipigie simu leo jioni.