Prince of Persia: namna kijana asiyejua kuchora alivyojifunza kutembeza mtu ndani ya ordinatere

Mchezo wa video unaoitwa Prince of Persia ulitoka Marekani mwezi wa kumi mwaka wa 1989. Waliokuwa vijana wakati ule na waliobahatika kukaa mbele ya ordinatere wanaukumbuka: kijana mwenye nguo nyeupe anakimbia ndani ya gereza la chini ya ardhi, anaruka mashimo, anajishika ukingoni kwa vidole, anajivuta juu. Kilichowashangaza watu si hadithi, maana ni ile ya kawaida ya binti wa mfalme aliyefungwa na waziri mbaya. Kilichowashangaza ni mwili wa yule kijana. Katika michezo mingi ya wakati ule watu walikuwa wakiteleza tu kwenye kioo kama karata juu ya meza. Huyu alikuwa na uzito. Akikimbia kisha asimame ghafla, miguu inamponyoka kidogo kwanza. Akianguka kutoka juu sana, anakufa.

Aliyeutengeneza, Jordan Mechner, hakuwa fundi wa kuchora. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yale aliyependa sinema na aliyejifunza kuandika programu. Mchezo wake wa mwanzo aliutuma kwa kampuni ya Brøderbund huko California, ukakataliwa kwa sababu ulifanana mno na michezo ya wengine. Ndipo akaanza mwingine, Karateka, wa mpiganaji wa karate. Alijaribu kuchora hatua na mateke kwa kuyawaza tu kichwani, picha moja moja, lakini matokeo hayakumridhisha.

Hapo ndipo karibu kila anayeanza kazi hii anakwama. Mtu anadhani anajua kutembea kwa sababu anatembea kila siku. Akishika kalamu, anasahau kwamba mkono wa kushoto unaenda mbele pamoja na mguu wa kulia, kwamba kichwa kinapanda na kushuka, kwamba mwili unaelemea mguu mmoja kabla ya kuinua mwingine. Anachora mtu aliyesimama mara kumi, halafu anashangaa kwa nini hatembei.

Mechner akaacha kuwaza, akaanza kutazama. Alichukua kamera ndogo ya pelikule, akampiga picha mwalimu wake wa karate akirusha mateke, na baba yake pia akafanya miendo mbele ya kamera. Kisha akafuatisha picha za pelikule kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na kuziingiza ndani ya ordinatere. Karateka ilitoka mwaka wa 1984 na ikauzwa vizuri.

Njia hiyo hakuivumbua yeye. Mwaka wa 1878, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, kila moja na uzi wake, ili farasi akipita ajipige picha mwenyewe. Watu walikuwa wakibishana kama farasi anayekimbia anafika wakati ambapo miguu yote minne imeacha ardhi. Picha zilionyesha ndiyo, lakini si pale ambapo wachoraji walikuwa wakimchora tangu zamani, miguu imenyooshwa mbele na nyuma. Ni pale inapokunjwa chini ya tumbo. Wachoraji wenye ujuzi wa maisha yote walikuwa wamekosea, kwa sababu jicho peke yake halikamati mwendo wa haraka. Baadaye, mwaka wa 1915, Max Fleischer aliomba hati ya kulinda kifaa chake cha kufuatisha pelikule kwa kalamu ili kutengeneza katuni. Aliyevaa nguo za mchekeshaji na kuruka-ruka mbele ya kamera alikuwa ndugu yake, Dave.

Mechner naye alikuwa na ndugu. Mwaka wa 1985, alipoanza Prince of Persia, alimpeleka mdogo wake David, mwenye miaka 15, kwenye uwanja wa kuegesha magari huko Chappaqua, karibu na New York. David alivaa nguo nyeupe, akakimbia, akaruka, akapanda, akageuka, huku kaka yake akimpiga video.

Kazi iliyofuata inastahili kuelezwa polepole, maana vijana wengi hufikiri mambo haya yanatoka kwenye mashine yenyewe. Mechner aliweka kaseti, akasimamisha picha kwenye televisheni, akaipiga picha kwa kamera ya kawaida gizani. Akasogeza kaseti kidogo, akapiga tena. Akapeleka filamu kusafishwa. Kwenye kila karatasi ya picha alipaka kalamu nene nyeusi na blanko, ile rangi nyeupe ambayo wanafunzi hufutia makosa, mpaka mwili wa David ukabaki peke yake bila magari wala miti nyuma yake. Akatoa fotokopi. Akaingiza fotokopi ndani ya ordinatere, kisha akasafisha kila picha nukta kwa nukta. Yote hayo ni kwa kuruka mara moja tu!

Halafu nafasi ikaisha. Apple II iliyotumika kwa mchezo huo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Picha moja ya simu ya leo haingeenea humo. Miendo mingi ya David ilikuwa imekula nafasi, na hapakubaki mahali pa kumweka adui. Mwenzake mmoja, Tomi Pierce, hakuchoka kumwambia kwamba mchezo bila mapigano hauna uhai. Suluhisho lilitoka katika umaskini huo huo. Mechner alichukua picha zile zile za kijana, akazipandisha juu ya zenyewe zikiwa zimesogezwa kidogo pembeni, na ordinatere ikafuta sehemu zilizolingana. Kikabaki kivuli kinachong'aa.

Kivuli hicho kinazaliwa pale kijana anaporuka kupita kwenye kioo, na tangu hapo kinamsumbua: kinakunywa dawa yake, kinamfungia mlango. Mchezaji akikichoma kwa upanga, nguvu zinapungua kwake mwenyewe. Njia ya kupita ni kurudisha upanga kwenye ala na kukiendea kwa amani. Wachezaji wengi wanakitaja kama sehemu nzuri kupita zote.

Baadaye aliminya programu mpaka akapata nafasi ya askari. Kupigana kwa upanga hakukujua, basi akatafuta sinema ya Robin Hood ya mwaka wa 1938, na humo akakuta sekunde chache tu ambapo Errol Flynn na Basil Rathbone wanaonekana kwa ubavu wakipigana. Sekunde hizo zilitosha.

Mchezo ulipotoka, Apple II ilikuwa inakufa, na mauzo yakawa mabaya. Ni matoleo ya mashine nyingine, kuanzia mwaka wa 1990, yaliyoupeleka katika inchi nyingi.

Anayeanza leo ana bahati ambayo Mechner hakuwa nayo. Simu inapiga video na kuisimamisha popote. Programu ya Blender ni ya bure tangu mwaka wa 2002, na ikishawekwa haidai intaneti kila siku. Lakini wengi wanakimbilia programu kabla ya kutazama mwili wa mtu, na hapo wanapoteza miezi. Inatosha kuanza na ndugu anayetembea, akipigwa video kwa ubavu, simu ikiwa imetulia, miguu yote ikionekana. Kisha achague picha nne: kisigino kinapogusa chini, mwili unaposhuka juu ya goti, mguu wa nyuma unapopita wa mbele, mwili unapopanda. Halafu nne hizo tena kwa mguu wa pili. Michoro 8, na mtu anatembea.

Mwaka wa 2012, disketi zenye programu asili ya Prince of Persia, ambazo Mechner aliamini zimepotea, zilipatikana ndani ya sanduku kwenye nyumba ya baba yake, Francis. Ni baba yule yule aliyesimama mbele ya kamera kwa ajili ya Karateka, na ndiye aliyetunga muziki wa michezo yote miwili. Francis alizaliwa Vienna, katika familia ya Wayahudi. Mwaka wa 1938 Wanazi walipoingia Austria, familia ilikimbia na kutawanyika. Mtoto huyo alitenganishwa na wazazi wake, akaishi ukimbizini Ufaransa vita ikimkuta huko, kabla ya kuungana nao Cuba na hatimaye kufika Marekani.

Mechner aliisimulia safari hiyo katika kitabu cha katuni kinachoitwa Replay, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka wa 2023. Safari hii picha zote alizichora kwa mkono wake mwenyewe.